Ramani ya Unga

Valbai aliichora wilaya yao kwenye meza ya chapati,
ghorofa ya pili, Kisutu, nyumba iliyokuwa yao,
kisha ikawa ya Msajili, kisha ikawa ya kodi tu.
Alimwaga unga, akaulaza kwa kiganja.
"Huku kaskazini, Somoe, ni chumvi.
Chumvi tupu, nyeupe kuliko hii, mwendo wa siku tatu.
Ngamia akikosea njia hurudi mifupa."
Kwa ukucha akapasua mto usiofika baharini,
mchanga huunywa kabla haujayaona mawimbi.
Kusini, punje za uwele: mashamba.
Punje ya hiliki: kijiji, Kharapar.
Tone la samli, kulia mwa njia: kisima.

Hapo pana kesi. Kaka yake Premji
kisima alikiweka kushoto,
wakanuniana wiki nzima kwa tone la samli.

Mimi niliajiriwa kupika, si kusoma jiografia,
lakini mikono ikizama kwenye unga masikio hubaki wazi.
Nikaujua ukoo wa waashi na ukoo wa wafuga nyati wa maziwa,
nani hali kwa nani, nani alimnyima nani mbegu
mwaka ule mvua ilipopita juu juu
kama jamaa anayedaiwa.
Mwaka huo babu yake aliuza mlango wa nyumba
(mlango, si nyumba) apate nauli ya kuja huku,
akawajengea watu kutoka Gerezani hadi Upanga,
na kila mlango alioutundika
aliugonga mara mbili, akasubiri kidogo,
ndipo akakabidhi funguo.

Siku moja nikamuuliza: uliondoka huko na miaka mingapi?
Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Kuondoka? Mie mzaliwa wa Mtaa wa Mkunguni!
Hata Unguja sijavuka, bahari inanitapisha."
Vyote alivipokea kwa mama yake,
kwenye meza hii hii.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa.
Mimi nami nikiulizwa kwetu nasema Newala.
Nasimulia ukungu, na uwanda wa juu usio na maji,
wanawake wakiteremka genge usiku kwa mienge,
wakipanda na ndoo jua limeshachoma.
Nimezaliwa Temeke. Newala sijalala hata usiku mmoja.
"Chora," akasema.
Genge nikalikata kwa ncha ya kisu.
Akalitazama muda, miwani imeshuka puani.
"Kwenu nako kisima kiko mbali,"
akasema, akaenda kuonja dengu.

Alifariki masika, maji ya mtaani yamefika ngazi ya tatu,
jeneza likapita juu ya mabega kama lavuka mto.
Mwaka uliofuata simu ikalia nasugua sufuria.
Nilay, mjukuu, yule wa Uingereza.
"Anti Somoe, niko Kharapar. Sielewi kitu.
Tetemeko lilishusha kila kitu, wamejenga upya kwa mistari.
Kisima cha bibi kiko wapi?"

Nikafuta mikono. Nikafumba macho.
Uko hekaluni? La nyoka, si jipya.
Lipe mgongo. Unauona mgunga?
"Hakuna mti."
Ulikuwepo. Hesabu hatua themanini,
ukisikia ardhi inalia tofauti chini ya kiatu, simama.
Nikamsikia akitembea. Mbwa akabweka huko.
Upepo ukaniingia sikioni, mkavu,
nami niko Kisutu, jasho linanitiririka.
"Kuna duara la zege hapa. Wamelifunika."
Upande gani wa njia?
Kimya. Anajigeuza, nadhani, anatafuta jua liko wapi.
"Kushoto."

Nikamwambia asante, arudi kabla hakujachoma.
Premji alishakufa siku nyingi, hana wa kumringia.
Meza ninayo mimi sasa. Jumapili wanangu huniambia mama, chora,
nami nachora: chumvi, mto, uwele, genge la Newala pembeni,
na samli
nadondosha kulia.